Jicho la Saa Nne na Nusu

1

Siku waliyoleta saruji nilikuwa ndani ya ndiva, tope limenifika magotini, natoa majani yaliyoziba tundu la kutolea maji. Nilisikia mlango wa gari ukifungwa juu ya ukingo. Gari lenyewe sikulisikia likija, maana magari ya Mamlaka ya Bonde hayana ngurumo wala dereva.

Akashuka bwana mmoja wa makamo, shati jeupe, na nyuma yake vibarua wawili wakaanza kushusha mifuko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni. Hiyo saruji ya nani?"

"Ya kuziba hapo uliposimama."

Nilidhani ni utani, nikacheka. Yeye hakucheka. Alisema anaitwa Lutengano, afisa wa Mamlaka, kisha akafungua kishikwambi chake akanisomea taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa majibu ya vipimo. Bwawa la Kwamrema halijaonekana na maji kwa miaka mitatu mfululizo. Kwa hiyo, kwa sheria, ni bwawa mfu. Bwawa mfu huzibwa, na kijito chake huingizwa kwenye bomba kuu.

"Nani hajaliona na maji?"

"Mpimaji."

"Huyo Mpimaji anakaa wapi? Mbona sijawahi kumkaribisha chai?"

"Si mtu, mama. Ni programu. Inatazama picha za setilaiti na kupima maji ya mlima mzima. Haina ndugu, haina upendeleo, haili rushwa."

"Haili rushwa," nikasema. "Na macho inayo?"

Nieleze kidogo kwa asiyejua kwetu. Ndiva ni bwawa la udongo walilotuachia wazee wetu hapa Upare. Kijito hulijaza usiku kucha. Alfajiri tunalifungua, maji yanashika mfereji na kushuka shamba kwa shamba mpaka la mwisho kule chini. Jua likishapanda, bwawani hubaki tope. Jioni tunaziba tundu, kijito kinaanza kulijaza tena. Limekwenda hivyo tangu kabla ya mama wa mama yangu, na sisi wote, na migomba yetu, na tangawizi yetu, tumelelewa na maji hayo.

Nikamwambia yule bwana, njoo kesho alfajiri, utalikuta limejaa mpaka ukingoni, na bata juu yake.

"Nikija mimi nitaandika maneno yangu, mama. Sheria haitaki maneno yangu. Inataka picha."

Alinyoosha mkono kunitoa topeni. Kiatu chake kimoja kikazama, soksi ikalowa, hakulalamika. Akanipa leso yake nijifute. Niliuona wema huo, na nautaja hapa kwa sababu ni haki yake. Lakini haukupoza hasira yangu.

"Na maji yetu mnayapeleka wapi?"

"Tambarare. Kwenye majumba ya kupozea mashine. Mashine zikifanya kazi sana zinapata joto, zinahitaji maji."

"Mashine zipi?"

Akakohoa. "Zote za Mamlaka. Hata Mpimaji yumo humo."

Nikamtazama vizuri usoni. "Kwa hiyo anayesema mimi sina maji ndiye mwenye kiu."

Akafunga kishikwambi. Alisema tuna haki ya rufaa, Baraza litakaa mwisho wa mwezi, na kama rufaa itashindwa tarehe ya kuziba imeshapangwa. Akaingia garini. Vibarua wakauliza mifuko irudi garini au vipi. Akasema waiache pale pale kwenye ukingo, kuipandisha tena mlimani ni kazi.

Nimeishi miaka mingi na nimetukanwa mara kadhaa. Lakini sijawahi kuona jeneza linaletwa nyumbani kwa mtu aliye hai, likaachwa mlangoni ili kuokoa safari.

2

Mjukuu wangu Naelijwa alipanda kutoka Same siku iliyofuata. Yeye ndiye mwenye kazi hizi za picha. Anatengeneza programu za wakulima: anawaonyesha wenye tangawizi ugonjwa unaanzia upande gani wa shamba kabla jani halijanyauka. Zamani niliwahi kumuuliza ni nani anayempa picha hizo.

"Hakuna anayenipa, bibi. Zimewekwa wazi kwa dunia nzima. Unachagua mahali, unachagua siku, unashusha."

Habari hiyo niliipenda sana. Kitu kikubwa namna ile, kimerushwa juu mbinguni kwa gharama, halafu picha zake zinachukuliwa kama moto kwa jirani. Unakwenda na kijinga chako, unawasha, na moto wa mwenzio haupungui.

Sasa alikaa jikoni kwangu, kishikwambi kimeegemezwa kwenye chungu cha makande. Alikuwepo pia Elisaria, mgawa maji wetu, mtu mrefu mwenye sauti ndogo.

"Tazameni," Naelijwa akasema. Akapitisha picha moja baada ya nyingine, za miaka yote mitatu. Mlima wetu kutoka juu, kijani kizuri, na katikati yake duara la kahawia. Kila picha, kahawia.

"Basi yule bwana hakusema uongo," Elisaria akasema kwa huzuni.

"Hakusema. Sasa tazama saa iliyoandikwa pembeni."

Elisaria akasogeza uso. "Saa nne na nusu." Akatazama nyingine. "Saa nne na nusu. Na hii."

"Zote. Setilaiti hii inatumia mwanga wa jua, kama jicho lako. Waliipanga ipite kila mahali saa ileile ili vivuli visibadilike. Hapa kwetu inapita kila baada ya siku chache, saa nne na nusu asubuhi. Haijawahi kuchelewa wala kuwahi."

"Saa nne na nusu mimi nimeshamaliza kugawa," Elisaria akasema. "Nakuwa kwa mke wangu nakunywa chai."

Tukacheka. Tulicheka mpaka Elisaria akafuta macho kwa kofia. Kisha kicheko kikaisha, na kilichobaki jikoni hakikuwa kizuri. Mtu anakuja kwako kila mara baada ya mlo, anakuta sufuria tupu, anakwenda kutangaza mji mzima kwamba wewe hupiki. Na mji unaamua kukunyang'anya jiko.

"Waandikie," nikasema.

"Nimeshawaandikia. Wamejibu kwamba tusifungue maji mpaka jicho lipite. Likiona maji mara tatu mfululizo, bwawa linahesabiwa hai."

Elisaria akakuna shingo. "Mara tatu tu. Tunaweza."

"Na wa mkiani?" nikamuuliza.

Akainamisha kichwa, maana alijua. Maji yakifunguliwa jua limepanda, mfereji wenyewe unayanywa. Yanafika mashamba ya juu, ya katikati yanalamba kidogo, ya mkiani hayapati kitu. Na ule ulikuwa wakati wa miche. Shamba langu ni la pili kutoka kwenye ndiva, mimi ningepata yangu yote. Lakini mkiani wako kina Nambula na watoto wake, na Yonaza aliyevunjika nyonga. Nilipougua mapafu, Nambula alipanda kile kilima kila siku na kibuyu cha uji, na hakuwahi kusema amechoka.

"Elisaria, utawaambiaje?"

"Nitawaambia setilaiti imekataa."

"Nenda ukawaambie sasa hivi. Nambula yuko kisimani hapo."

Hakuinuka.

Muda wote huo Naelijwa alikuwa anafungua jambo jingine kwenye kioo. "Kuna jicho lingine," akasema. "Hili ni rada. Halihitaji jua. Linapiga mawimbi ya redio kuja chini, tuseme kama sauti, halafu linasikiliza mwangwi. Nalo liko wazi kwa kila mtu, bure. Na linapita alfajiri."

"Na Mpimaji halitumii?"

"Hakuna aliyemfundisha. Walisema lile la kwanza linatosha."

Picha hii haikuwa na rangi. Ilikuwa kama majivu yaliyomwagwa na kupapaswa kwa kiganja. Naelijwa akanielekeza: ardhi na mimea inarudisha sauti, kwa hiyo inaonekana kijivu. Maji yaliyotulia yanaitupa sauti upande wa pili, hairudi, kwa hiyo maji ni meusi. Na pale, katikati ya majivu, palikuwa na duara dogo jeusi tititi. Ndiva yetu, alfajiri, imejaa. Picha baada ya picha, miaka mitatu.

Niliweka kidole juu yake. Sioni haya kusema machozi yalinitoka. Kulikuwa na aliyetuona.

"Na hii nyeupe ni nini?" Elisaria akauliza.

Juu ya ndiva yetu, ndani ya msitu wa Vuturo, paling'aa doa kama jino.

"Sauti ya jicho hili ni nzito, inapenya majani," Naelijwa akaanza kueleza, bado ana furaha. "Ikikuta maji chini ya miti, inagonga maji, inagonga shina, inarudi kwa nguvu zote. Kwa hiyo panang'aa. Maana yake hapo kuna..."

Sote tulijua kuna nini hapo.

Watu wa Vuturo wana ndiva yao ndani ya msitu wa matambiko wa ukoo wao. Haimo kwenye daftari lolote la Mamlaka. Sisi majirani tunaijua na hatuisemi. Ng'ambo ya mlima kulikuwa na msitu kama huo, nao una chemchemi. Mamlaka walipoijua, walivuta bomba, wakazungusha waya, na leo wenyewe wanaomba kibali kuingia walikolala wazee wao. Na katika ukame mkubwa uliopita, kijito chetu kilipokuwa uzi, ni Vuturo waliotufungulia maji yao, bila kuitisha kikao na bila kuja kushukuriwa.

"Nitaikata picha," Naelijwa akasema. "Nibakize yetu tu."

"Watakubali?"

"Kanuni inasema picha iwe nzima, kama ilivyoshushwa." Akanigeukia. "Bibi, lakini hatumwibii mtu. Picha iko wazi. Ilikuwa pale jana, iko pale leo. Mtu yeyote anaweza kuiona."

"Na nani ameiona?"

Akafikiri. "Mimi."

"Basi kwa sasa si mtu yeyote. Ni wewe. Mlango kuwa wazi ni jambo moja, mke mwenzangu, na kuwashika wageni mkono ukawaingiza chumbani ni jambo lingine."

3

Mimi na Naelijwa tulipanda Vuturo. Msitu ule una mlinzi, na mlinzi wa sasa ni mwanamke, Mama Sifaeli, rika langu. Tulichezwa ngoma mwaka mmoja. Alikuwa anachambua maharage barazani.

"Nakundwa, bado hujafa?"

"Nakungoja wewe utangulie, ukanifagilie."

"Sina mpango. Nani huyu mzuri? Hakukufuata wewe."

Tuliketi. Akatuletea maziwa ya mgando bila kuuliza kama tuna njaa. Nikamweleza yote, kuanzia saruji. Naelijwa akampa kishikwambi. Mama Sifaeli akakishika kwa mikono miwili, mbali na uso kama tunavyofanya wenye macho ya uzee, akatazama lile doa jeupe kwa muda mrefu.

"Ndivyo tunavyoonekana kutoka huko?"

"Ndiyo, bibi."

"Panapendeza." Akakirudisha, kioo kimeelekea chini. "Funika."

Naelijwa akamwambia kwa adabu kwamba bila picha hiyo nzima ndiva ya Kwamrema itazibwa. Kwamba picha ni ya kweli. Kwamba huenda Mamlaka hawatajali Vuturo hata kidogo.

"Mwanangu, wale wa ng'ambo nao waliambiwa hawatajaliwa," Mama Sifaeli akasema. "Mimi nilipewa msitu huu na shangazi yangu ukiwa umefungwa. Nitaukabidhi umefungwa. Sina jibu lingine, na linaniuma kwa sababu anayeomba ni Nakundwa."

"Sikuja kuomba," nikasema. "Nilikuja kuuliza. Umejibu."

"Na ndiva yenu?"

"Tutajua."

Alitusindikiza mpaka kivukoni, na goti lake bovu, na mkungu wa ndizi akambebesha Naelijwa. Alisimama pale mpaka tukapotea kwenye kona.

Naelijwa alitembea haraka mpaka mteremko wa kanisani. Ndipo akautua ule mkungu.

"Amekataa, bibi. Kwa hiyo sisi ndio tufe? Watu sitini na nyumba zao, kwa sababu bibi mmoja hataki doa lake lionekane?"

"Si doa lake."

"Nimesoma kazi hii miaka mingi. Kila siku nafundishwa kitu kimoja: kilicho wazi kinaokoa watu. Sasa ninacho mkononi, na wewe unaniambia nikikalie."

"Nakuambia nilimuuliza mwenye nyumba, akasema hapana. Nikionyesha alichonikataza, nina tofauti gani na walioleta saruji? Wao pia wanadhani wana picha, kwa hiyo hawahitaji kuuliza."

"Utapoteza shamba."

"Ndiyo. Nitapoteza shamba."

Hakuridhika. Uso wake ulikuwa na hasira, nami nilimpenda kwa hasira ile, maana ilikuwa yangu pia. Isipokuwa yake haikujua pa kwenda. Akauinua mkungu akautia kichwani, akatangulia.

4

Baraza la Mamlaka linakaa tambarare, kwenye jengo lililopakana na majumba ya kupozea. Ukishuka garini unapokelewa na upepo wa moto unaotoka kwenye kuta, na mvumo usiokatika. Karani mmoja, dada mnene mwenye mtandio wa zambarau, aliniona nimesimama akaninyanyulia kiti chake mwenyewe. Kisha akarudi na mto wa kukalia. Sikumwona akikaa tena asubuhi ile.

Wajumbe walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti nzuri na haraka nyingi. Bwana Lutengano alisoma ya kwake. Naelijwa akasimama akasoma ya kwetu, akaonyesha picha ya alfajiri kwenye ukuta: kipande kidogo cha majivu na duara jeusi katikati. Alieleza vizuri, bila kugugumia. Mjumbe mmoja akaanza kutikisa kichwa kukubali.

"Hiki ni kipande," mwenyekiti akasema. "Kimekatwa kutoka picha kubwa zaidi."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Nzima iko wapi?"

Naelijwa akanitazama. Picha nzima ilikuwa ndani ya kishikwambi alichoshika. Kidole chake kilikuwa juu ya kioo. Sikumkunjia uso wala sikutikisa kichwa. Alikuwa mtu mzima, na kazi ni yake. Niliona tu kile kidole kikiondoka kwenye kioo, kikajikunja ndani ya kiganja.

"Hatutaileta, mheshimiwa," akasema.

"Mnaficha nini?"

Sikutaka mjukuu wangu atafute jibu peke yake. Nikasimama.

"Mheshimiwa, picha unayoitaka si yangu. Sijaifungia kabatini. Iko palepale mnapochukua zenu, bure, na ilikuwepo kabla hamjaandika hiyo sheria. Miaka mitatu maji yetu yamekaa humo kila alfajiri, yanawangoja. Hakuna kati yenu aliyeinama kuyaokota. Mlichukua jicho moja, linalopita saa moja, mkaliita ushahidi, mkatuletea saruji. Sasa mnataka mimi nilete picha nzima, niwaonyeshe na vya watu ambao hawakuja hapa na hawajawakosea. Kama hamkujisumbua kututazama sisi tuliokuwa tunawaita, msinitume mimi niwatazamie wengine."

"Mama, hapa tunazungumza kwa adabu."

"Adabu ninayo. Ndiyo maana nimevaa viatu."

Karani akaziba mdomo kwa mtandio. Mwenyekiti hakufurahi. Akamgeukia Bwana Lutengano akamuuliza kama ana namna ya kuipata hiyo picha nzima.

Wote mle ndani tulijua anayo. Kishikwambi kilikuwa mbele yake mezani, kimewaka. Kushusha picha ile kungemchukua muda wa kunywa glasi ya maji. Bwana Lutengano akanitazama, akakitazama, akakigeuza kioo kikalala chini.

"Mzigo wa ushahidi ni wa mrufani, mheshimiwa," akasema. "Si kazi yangu kumtafutia."

Hayo yalikuwa maneno ya sheria, makavu kabisa. Aliyageuza kuwa ngao, akaiweka mbele ya watu wa Vuturo, naye hajui hata majina yao. Nikaiweka moyoni karibu na ile leso.

Uamuzi ulisomwa kabla ya saa sita. Kipande cha picha si ushahidi. Bwawa la Kwamrema linabaki mfu na litazibwa kwa tarehe iliyopangwa, isipokuwa Mpimaji alione na maji mara tatu mfululizo kabla ya siku hiyo.

5

Tulikubaliana kwenye ukingo, watu wote, kwamba hatutawanyima wa mkiani. Yonaza alisema tuwanyime, kwamba yeye ni mzee na miche yake itapandwa tena. Akazomewa mpaka akakaa.

Kwa hiyo asubuhi ya jicho Elisaria alifungua alfajiri kama siku zote. Maji yakateremka, yakafika kwa Nambula, nikasikia watoto wake wakipiga kelele kule chini. Jua likapanda. Ndiva ikashuka, ikawa dimbwi, ikawa tope. Tukakaa ukingoni kama watu walio msibani, kila mtu na kikombe chake, hakuna aliyesema aondoke.

Nambula ndiye aliyesikia kwanza. Alikuwa amepanda kutushukuru. "Mbona kijito kinanguruma?"

Kijito hakingurumi saa zile. Tukageuka. Yalikuja maji kwenye mdomo wa ndiva, mengi, mekundu kidogo, yamebeba majani mapana ya msituni ambayo hayaoti upande wetu. Yakatandaa kwenye tope, yakafunika alama za miguu yetu, yakaanza kupanda. Elisaria aliruka kwenda kuziba tundu, akateleza, akakaa chini, maji yakamfika kifuani, akaziba akiwa amekaa hivyohivyo.

Mama Sifaeli aliteremka nyuma ya maji yake, taratibu, na fimbo. Akafika, akashika bega langu, akapumua kwanza.

"Nakundwa, usipoyatunza nitakudai."

"Umefungua ndiva yote?"

"Nusu ya ndiva ni kitu gani?"

"Na mashamba yenu?"

"Yatangoja. Nimeambiwa mara tatu. Tumekaa, tumekubaliana mara tatu." Akatazama chini kwenye maji. "Nilisikia ulichosema kule tambarare. Yule karani mnene ameolewa na mtoto wa mdogo wangu."

Nilimsogezea nafasi akakaa.

Saa nne na nusu ilipofika, sote tulitazama juu. Hakukuwa na wingu wala kitu cha kuona. Mtu mmoja akapunga mkono. Chini yetu ndiva ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, mchana kweupe, kitu ambacho hakuna aliye hai aliyewahi kukiona, na jua limekaa ndani yake linatuumiza macho.

Wakafanya hivyo mara ya pili. Wakafanya mara ya tatu. Kila mara tangawizi ya Vuturo ililala na kiu, na hakuna aliyetoka kule kuja kutuhesabia. Mara ya tatu nilipanda mwenyewe kutazama majani yao. Yalikuwa yamejikunja kama mikono ya mtu mwenye baridi.

Ujumbe ulifika kwenye simu ya Elisaria jioni ile, naye akausoma kwa sauti mbele ya watu:

"Hongera. Bwawa la Kwamrema limefufuka. Mamlaka ya Bonde inawapongeza kwa kujifunza kutunza maji."

Vigelegele vikapigwa. Elisaria alibebwa juu juu, mrefu vile, miguu inaburuta. Naelijwa alikuja akanikumbatia, akanikuta nimekakamaa kama ubao.

"Bibi, tumeshinda."

"Ndiyo."

"Sasa mbona hivi?"

Watu wasio na deni nasi walikausha mashamba yao mara tatu ili mashine iambiwe jambo ambalo angeliona yeyote aliyepita hapa alfajiri na macho yake. Na mashine hiyo, iliyotaka kutunywa, inatupongeza kwa kujifunza. Mwakani itahesabu tena. Ni nani atakayekaa na kiu mwakani?

"Waandikie jibu," nikamwambia.

"Haipokei majibu, bibi. Hakuna mtu upande wa pili."

"Andika hivyohivyo."

Akaichukua simu ya Elisaria. Mama Sifaeli akajisogeza na fimbo yake ili asikie.

"Andika: Halikufa. Ninyi ndio mliochelewa kuamka."